Msokoto Niliomchagulia Kaka

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilipomaliza sekondari huko bara nilirudi Garissa na cheti kimoja na kiapo kimoja, kwamba sitalala tena kwenye kitanda kisichokuwa changu. Kiapo nimekitunza vizuri kuliko cheti. Mke wangu huwaambia wageni kwamba nikitoka kwenda dukani naaga kama mtu anayekwenda Makka.

Kwa hiyo ni ajabu kwamba mimi, ambaye huchinja kuku macho nimefumba, niliwahi kuwa mshauri wa bunduki. Nilikuwa kwa siku moja tu, na ilitosha.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwindaji. Kwa watu wetu hilo si jambo la kujisifia. Mtu wa maana ana ngamia. Anayekula wanyama wa porini ni yule ambaye hana. Kaka alikuwa nao mpaka ukame ukamwachia wawili, ndipo akachukua leseni na gobore, akawa analisha familia yake upande wa Bura kwa nyama ya choroa na swala. Gobore ni bunduki ya kujazwa mdomoni. Unamimina baruti, unafuatisha risasi iliyofungwa kitambaa chenye mafuta ya mkia wa kondoo, unaishindilia kwa mdeki, ule ufito wa chuma, unaweka fataki ya kuwashia baruti, halafu unamwomba Mungu mnyama awe bado yupo.

Miezi michache kabla ya uhuru mtutu wa gobore lake ulipasuka. Akaja mjini kutafuta jingine, akanipitia.

"Twende, msomi," akaniambia. "Mimi najua mnyama. Chuma sikijui."

Nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Tangu nirudi kutoka shuleni hakuna mtu aliyekuwa amenihitaji kwa lolote isipokuwa kusoma barua, na nyingi zilikuwa za vifo.

Fundi alikuwa mzee wa Kiarabu aliyetengeneza majiko ya mafuta, cherehani na bunduki katika kibanda kimoja. Alikuwa na magobore mawili aliyoyanunua kwa Mzungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Yote mawili yalikuwa na mifereji ndani ya mtutu, ile inayojisokota kama hesi za skrubu ili risasi itoke ikizunguka. Tofauti yake ilikuwa huo msokoto. Fundi akatuonyesha unavyopimwa. Alifunga kitambaa cha mafuta kwenye ncha ya mdeki hadi kikabana, akausukuma mpaka chini, akachora alama ya mkaa juu ya mdeki, kisha akauvuta taratibu akiuacha ujigeuze wenyewe vidoleni. Katika gobore la kwanza ile alama haikumaliza hata nusu mzunguko. Katika la pili ilizunguka mara moja, ikaanza ya pili.

Akaomba kuona kalibu ya kaka, ile ya kumiminia risasi iliyoyeyushwa. Ilikuwa ya risasi za mviringo, kama gololi. Basi chukueni la kwanza, akasema. Risasi ya mviringo inataka msokoto mlegevu. Ule mkali ni wa risasi ndefu. Ukiutilia gololi na baruti nyingi, risasi laini kama ile itaruka juu ya mifereji badala ya kuifuata, na itakwenda inakotaka yenyewe.

Hapo ndipo nilipokohoa.

Shuleni tulikuwa tumefundishwa habari za pia, ile wanayoichezea watoto. Pia ikizunguka kwa kasi husimama wima, ikilegea huyumba. Nililieleza jambo hilo kwa urefu, nikitumia mikono yote miwili. Fundi alinisikiliza mpaka nikamaliza, kwa adabu, kama anayesikiliza mvua ikinyesha kwa jirani.

"Mwanangu," akasema, "pia haina baruti nyuma yake."

Kaka alicheka. Akamtazama fundi, akanitazama mimi, na nadhani aliona jinsi uso wangu ulivyoshuka.

"Mdogo wangu amesomea haya," akasema. "Nipe hilo la mizunguko mingi."

Lazima nieleze kwa nini haya hayakuwa mambo ya kitoto. Mnyama aliyekufa kwa risasi kabla kisu hakijamfikia, kwetu ni mzoga, haliwi. Mwindaji Mwislamu hatafuti kuua. Anataka mnyama aanguke karibu, akiwa bado na pumzi, amkimbilie, amwelekeze kibla na kumchinja kwa jina la Mungu. Risasi ikimgusa vibaya mnyama anakwenda zake na jeraha, na mwenye bunduki lazima amfuate. Kaka hakuwahi kumwacha mnyama aliyemjeruhi. Alisema mtu wa namna hiyo hana tofauti na fisi, ila fisi hana leseni.

Baada ya miezi miwili alikuja kunisalimia. Alikuwa amekonda. "Bunduki yako ina huruma sana," akaniambia. "Inamgusa mnyama kumjulisha tu kwamba nimefika, halafu mimi na yeye tunakimbia mpaka alasiri." Akanitolea risasi aliyoichimbua kwenye shina la mgunga, akasema niitazame kwa macho ya shule. Nilicheka pamoja naye. Nikamshauri aongeze baruti.

Alipoondoka nilimpelekea fundi ile risasi. Aliigeuza kwenye mwanga. Ubavu wake ulikuwa umeparuzwa ukawa laini, hauna hata alama ya nyuzi za kitambaa. Imeruka mifereji, akasema. Mlete kaka yako, lile jingine bado lipo, nitambadilishia.

Kazi yangu ilikuwa kutuma maneno mawili tu. Malori ya Bura yalipita mbele ya mlango wangu, na madereva walinijua kwa sababu nilikuwa nimekaa pale siku zote. Maneno yenyewe yalikuwa: nilikosea, njoo. Kila lori lilipopita nilijiambia nitayatuma kwa lijalo. Halafu nikajiambia atakuja Idi, nitamwambia kwa mzaha, tucheke, yaishe.

Kabla ya Idi hali ya hatari ilitangazwa, kwa kuwa waasi waliotaka mkoa wetu ujitenge walikuwa wameanza kupigana na serikali. Fundi alifunga kibanda akaenda Lamu kwa watoto wake. Barabara zikawa na vizuizi, na sehemu za pori zikawa za kutokanyagwa. Kisha likaja tangazo kwamba kila bunduki ipelekwe ofisini, yenye leseni na isiyo nayo. Kaka alituma salamu kwamba anakuja na familia yake, gobore atalikabidhi mwenyewe. Nakiri kwamba nilipumua. Serikali ingelichukua kosa langu na kulifungia stoo, na hakuna ambaye angejua.

Siku niliyomtarajia aliingia shemeji peke yake na watoto na punda. Alikaa chini bila kufungua mizigo. Alisema walikuwa wamebakiza siku moja kufika mjini, watoto hawajala nyama kwa muda mrefu, na choroa akasimama mbele yao. Kaka alipiga. Choroa aliondoka na mguu uliovunjika, moja kwa moja kuelekea upande uliokatazwa. Shemeji alimsihi amwache. Kaka alijaza tena gobore, akasema hawezi kumwacha anateseka bila kisu, akakimbia. Baada ya muda walisikia mlio mmoja mzito.

"Halafu mitatu," shemeji akasema. "Mfululizo. Gobore halipigi mitatu."

Watu wetu walimpata kesho yake. Choroa alikuwa amechinjwa sawasawa, ameelekezwa kibla. Kaka alikuwa hatua chache pembeni. Nani alipiga, sikujua na sijui. Kila upande ulisema ni upande wa pili. Aliyeona mtu anakimbia porini na bunduki mkononi hakusubiri kuuliza ina msokoto gani. Ile nyama ilikuwa halali kabisa, na hakuna aliyeigusa.

Shemeji na watoto walihamia upande wa pili wa ua wetu. Ni hatua arobaini kutoka mlangoni kwangu. Safari hiyo ilinichukua miaka mitatu. Vita vilikuwa vinakaribia kwisha asubuhi nilipokwenda, nikakaa kwenye kigoda, nikamweleza habari ya risasi iliyoparuzwa, na fundi, na malori.

Aliendelea kuchambua mchele.

"Alijua," akasema. "Wiki ya kwanza tu alijua. Nilimwambia alirudishe lile gobore, akakataa. Alisema wewe hujawahi kumchagulia kitu maishani, akirudisha hutamchagulia kingine."

Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, na hata jibu la laana nilikuwa nimelitunga.

"Sasa nataka kujua jambo moja," akasema, na hapo akauweka ungo chini. "Lile jingine, la msokoto mlegevu. Lingemwangusha yule choroa palepale?"

Lipo jibu zuri la swali kama hilo. Mungu ndiye ajuaye. Lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, na hakuna ambaye angenilaumu kwa kulitumia.

"Lingemwangusha, shemeji," nikasema.

"Haya," akasema. "Nimesikia." Akauchukua ungo wake.