Kanzu wa Fabiano Njiku

Fabiano Njiku wa Unyambwa amefuga njiwa miaka arobaini na sita, na katika miaka hiyo amenyonga njiwa wengi kuliko mwewe wote wanaotaga kwenye mawe ya Singida. Mwenyewe haoni haya kulisema. Njiwa wa maonyesho, husema, hapatikani kwa kulea tu, hupatikana kwa kuua. Kinda akiota unyoya mmoja wa kijivu mahali palipotakiwa weupe, Fabiano humshika kichwa kwa vidole viwili, humzungusha mara moja, humtupia paka. Hufanya hivyo huku anaongea habari za mvua, na ukimtazama utadhani anamenya karanga.

Alizaliwa Itigi, mtoto wa kibarua wa reli aliyelewa kilabuni na kuja kumalizia hasira zake nyumbani. Alipokuwa na miaka kumi na miwili, jirani aliyekuwa anahama alimwachia njiwa wawili weupe. Alikaa nao miezi mitano, hata akawa anajua kwa mlio tu nani ana njaa na nani ana wivu. Jioni moja baba alirudi, akakuta hakuna mboga, akawachinja wote wawili kwenye ngazi ya nyumba. Fabiano alimrukia, akamng'ata mkono mpaka meno yakagota kwenye mfupa. Alipigwa kwa mkanda wenye chuma, akalala kifudifudi siku nne. Siku ya tano alikwenda kutafuta njiwa wengine.

Mtu angetegemea kwamba aliyepigwa hivyo atachukia kupiga. Wapi! Fabiano alikua na mkono mwepesi kama wa baba yake, tena bila pombe. Alipohamia Unyambwa na kuoa, mkewe Martina alisahau asubuhi moja kufunga komeo la banda, kicheche akaingia na kuua njiwa kumi na mmoja. Martina alipoteza jino la mbele siku hiyo. Fabiano alilia kama mtoto mbele ya mabaki ya njiwa wake, lakini jino la mkewe hakulilia.

Alichokuwa anakitafuta miaka yote hiyo ni njiwa mmoja: mweupe mtupu, mwenye kishungi kichwani, na manyoya ya miguu yanayofunika vidole mpaka chini. Kila Agosti wapenzi wa njiwa wa Singida hukutana kwenye uwanja wa mpira, wakapanga vizimba vyao juu ya meza, na mwamuzi akapita akifungua mabawa na kuchungulia macho. Fabiano alikuwa amechukua nafasi ya pili mara tisa. Wenzake walimwita Makamu, lakini kwa mbali, penye nafasi ya kukimbia.

Kisha akazaliwa Kanzu. Alipewa jina hilo kwa sababu manyoya yake yalishuka meupe mpaka ardhini, na alitembea taratibu kama mtu anayekwenda kuswali Idi. Lakini mwaka juzi ugonjwa wa kideri ulifagia banda zima, akabaki Kanzu na jike mmoja tu, mzuri wa umbo, mwenye unyoya mweusi chini ya bawa la kushoto. Kanzu alimpenda jike huyo, wakataga mara nne, na kila kinda alitoka na unyoya mweusi, na kila kinda alinyongwa. Kazi ya miaka arobaini na sita ilikuwa imening'inia kwa dume mmoja. Kama Kanzu hangeacha kinda mweupe, ukoo ule ulikuwa umekwisha.

Basi mwezi wa tatu mwaka huu Fabiano alileta kutoka Dodoma jike mweupe pee, akaamua kumwondoa yule wa zamani. Kumuuza hakutaka. Jike aliyeuzwa hurudi, alisema, na dume humngoja. Aliingia bandani, akamtoa juu ya mayai, akamnyonga hapohapo, Kanzu akiwa hatua mbili kutoka mkono wake. Kwa haraka yake hakutaka hata kumpeleka nje. Hilo ndilo kosa lake, na mfugaji yeyote wa njiwa angemkataza.

Kanzu alimgeukia bibi harusi wa Dodoma, akamdonoa siku tatu mfululizo mpaka jicho moja likatoka na ukuta wa banda ukajaa damu. Siku ya nne alipofunguliwa kula, alipaa juu ya alizeti akaenda zake.

Martina alikuwa anapepeta uwele mlangoni. Alisema bila kuinua macho, "Baba Klara, umemuua mkewe machoni pake. Ulitaka akae kwa nani? Ukipenda boga, upende na ua lake."

Fabiano alimzaba kofi, ungo ukaruka na uwele ukamwagika, akatoka kwenda kumtafuta njiwa.

Alimtafuta mwezi mzima. Jirani yao Isaka ndiye aliyemletea habari: Kanzu alionekana Mwankoko, juu ya bati la Abdulmajidi mwenye duka, ambaye naye ni mfugaji wa njiwa. Sasa, wafugaji hawa wana sheria yao ya zamani. Njiwa akitua kwako mwenyewe, akala nafaka yako siku tatu, ni wako. Fabiano ndiye aliyeitumia sheria hiyo kuliko wote. Kuna bwana mmoja, Petro, aliwahi kufuata njiwa wake Unyambwa siku ya nne, akarudi kwake na mbavu mbili zimevunjika. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Abdulmajidi alimwona akija na fimbo, na pamoja na hayo akasimama kwa adabu. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimefuata njiwa wangu."

"Mzee, sheria unaijua. Umetufundisha wewe, tena kwa fimbo. Huyu hapa ana mwezi sasa."

"Ulimvuta kwa jike."

"Jike alikuwa bandani kwake. Kanzu alikuja mwenyewe, amekonda, akalala nje ya mlango mpaka nikamfungulia."

Maneno yale yalimuuma Fabiano kuliko tusi. Alishusha fimbo, Abdulmajidi akakinga kwa mkono, na watu wa upande wa pili wa barabara wakausikia mfupa ukilia. Mdogo wake Abdulmajidi alitoka stoo na koleo, akampiga Fabiano paji la uso. Damu ilimziba macho, lakini aliendelea kupiga popote aliposikia sauti. Alivunja kioo cha duka, akavunja taya la kijana wa watu aliyekuja kuamua ugomvi. Radhia, mke wa Abdulmajidi, alimwagia maji ya moto mgongoni. Hapo ndipo watu sita walipomwangusha na kumkalia.

Mama Catherine, mwenyekiti wa mtaa, aliwakalisha siku ya pili, mmoja ana plasta na mwingine ana nyuzi kumi na nne. Yule kijana wa taya alikuwa bado hospitali, na kesi yake, mwenyekiti alisema, ingesikilizwa kwingine. Kuhusu njiwa aliamua hivi: Kanzu apelekwe Unyambwa, akae kwenye tundu lake la zamani asubuhi nzima, ale ashibe, kisha mlango ufunguliwe. Akibaki, ni wa Fabiano. Akiondoka, Fabiano asimfuate tena.

"Mama Mwenyekiti," Abdulmajidi alianza, "kuna jambo kuhusu huyu njiwa kwa wakati huu..."

"Huyo asiongee!" Fabiano alipiga meza. "Amekwisha kuongea kwa koleo la mdogo wake. Mimi nimekubali."

Na Abdulmajidi, ambaye mkono ulikuwa unamuuma sana, aliinua bega moja akanyamaza.

Siku iliyopangwa ua wa Fabiano ulijaa watu, Abdulmajidi miongoni mwao. Kanzu alikula mtama kwa pupa, akanywa maji, akala tena. Fabiano aliona jinsi alivyokula akatabasamu, jambo ambalo Martina alisema baadaye hakuwahi kuliona tangu harusi. "Mnaona? Kwao anapajua." Saa sita mlango ulifunguliwa. Kanzu alitoka, akaruka mpaka juu ya bati, akajinyoosha bawa moja, akajinyoosha la pili. Fabiano alimwita kwa mlio uleule aliokuwa akimwitia tangu kinda. Kanzu aliinamisha kichwa kumtazama. Halafu akapaa kuelekea Mwankoko.

Fabiano alikuwa ametumia miaka arobaini na sita kuwatupia mwewe mawe, na mara chache sana alikosa. Jiwe lilitoka mkononi kabla akili haijasema lolote. Kanzu alipigwa chini ya shingo, akapinduka hewani, akaanguka kwenye shamba la uwele.

Fabiano alimkimbilia, akamwokota, akamgeuza kifua juu. Kifuko cha shingoni kilikuwa kimepasuka, na mdomoni kulikuwa kunatoka mtama pamoja na kitu cheupe kizito, mfano wa maziwa yaliyoganda. Fabiano alikigusa kwa kidole gumba. Mfugaji wa njiwa haelezwi kitu hicho. Njiwa huyatengeneza kwenye kifuko hicho maziwa hayo, baba kwa mama, wanapokuwa na makinda machanga tu, na kinda wa siku za mwanzo hana chakula kingine duniani.

Alikaa chini palepale. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wana siku ngapi?"

"Nne," alisema Abdulmajidi. "Wako wawili. Nilitaka kusema, ukanikataza."

"Midomo yao?"

Abdulmajidi alielewa. Kinda atakayekuwa na rangi huanza na mdomo mweusi. "Waridi," alisema. "Yote miwili. Weupe watupu."

Fabiano alipiga hesabu. Jike peke yake huenda angeokoa kinda mmoja. Huenda asiokoe hata huyo. Alijua namna ya kuwalisha kwa mkono. Alikuwa amewahi kuwalea makinda yatima mara nyingi, kila baada ya saa mbili, usiku na mchana.

"Naomba nije," alisema. "Nije niwalishe. Sitaki nipewe. Nataka tu wasife."

Abdulmajidi alivuta mkono wake wenye plasta karibu na kifua. Aliutazama mkono wa Fabiano uliomshika njiwa, damu na maziwa vikichuruzika katikati ya vidole.

"Hapana, mzee," alisema. "Kwangu usije."