Kilo za Mjukuu Wangu

Jibini nililila mimi. Kwa miaka mitatu nimeshikilia kwamba ni paka, na familia nzima ikamnunia paka yule mpaka akahamia kwa majirani. Leo namsafishia jina. Nililila mimi, nimesimama jikoni kwangu Ruhuwiko, Songea, kipande baada ya kipande, kisha nikaumalizia mtindi wa kopo kwa kijiko kidogo cha mtoto.

Mtoto mwenyewe alikuwa mjukuu wangu. Binti yangu anafanya kazi Dodoma, na mwaka ule kazi ilianza kumzungusha mikoani huku dada wa kazi ameondoka bila kuaga. Baba wa mtoto ni habari fupi, nayo ilikuwa imeshakwisha. Basi mwezi wa nane akaniletea mtoto Songea, ana mwaka mmoja na miezi minane, pamoja na mabegi mawili, kadi ya kliniki na orodha.

Orodha ilikuwa kurasa mbili, ameichapisha kutoka kwenye mtandao: vitafunwa vyenye protini nyingi kwa watoto wadogo. Jibini la kukata vipande vya ukubwa wa kidole. Mtindi wa Kigiriki. Samaki aina ya salmoni. Na kitu kiitwacho edamame, ambacho mimi mwenye shahada mbili nilidhani ni dawa ya minyoo. Nilipotafuta kwenye simu nikakuta ni soya mbichi. Soya! Huku kwetu ukionekana unavuna soya kabla haijakauka, mwenye shamba anakupeleka kwa mtendaji.

"Mama, fuata hii," binti yangu alisema. "Usianze mambo yako."

"Mambo yangu yapi?"

"Uji asubuhi, uji mchana, uji jioni. Uji ni maji, mama."

"Wewe umekuzwa na uji."

"Ndiyo maana mimi ni mfupi."

Kisha akafungua kadi ya kliniki, akanionyesha mstari wa uzito. Kilo tisa kamili, na kwa miezi miwili mstari ulikuwa umelala kama barabara ya uwanja wa ndege. Akasema kama mpaka mwezi wa kumi na mbili kilo hazijapanda, atamchukua, ampeleke kituo cha kulelea watoto Dodoma, ambako wana mtaalamu wa lishe.

Sikubisha. Nilikuwa nimeishi peke yangu miaka minne, na katika nyumba ile sauti kubwa kuliko zote ilikuwa ya jokofu. Mtoto alipofika, siku ya kwanza tu alimwaga unga, akavunja kikombe, akalala kifuani kwangu na mdomo wazi. Nilijua siku hiyohiyo kwamba sitaki aondoke, na kwamba ili asiondoke, kilo zipande.

Nikaanza utiifu. Kila Jumamosi nilikwenda Majengo kwenye duka lenye jokofu, nikanunua jibini na mtindi. Nilipanga vipande kwenye sahani ya bluu, nikapiga picha, nikaituma Dodoma. Binti yangu alirudisha mioyo mitatu. Kisha mtoto alichukua kipande, akakinusa, akakitema mkononi mwangu kwa adabu, kama mgeni aliyekuta unywele kwenye mchuzi. Sikulelewa kutupa chakula. Mengine mnayajua.

Kliniki ya mwezi wa tisa: kilo tisa. Ya mwezi wa kumi: nane na pointi tisa. Siku hiyo, kwa udadisi, nilipanda mzani wa watu wazima. Kilo zilikuwa zimepanda kweli, ila zilikuwa zangu.

"Bibi," muuguzi aliniita, nami sijafika hata miaka hamsini na tano, "huyu anakula nini?"

Nikamtajia orodha yote, hadi na Wagiriki.

"Anakula, au anapewa?"

Nilirudi nyumbani nimekasirika, kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Mlangoni nikamkuta jirani yangu, mama mtu mzima aliyezaliwa upande wa Namtumbo, amelima tumbaku na mahindi maisha yake yote mpaka watoto wake walipomhamishia mjini. Shule aliishia darasa la nne. Watoto amekuza saba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mzani unasemaje?"

Nikamwambia. Akaingia mpaka jikoni, akaiona sahani ya bluu, akabonyeza kipande cha jibini.

"Hii sabuni unampa mtoto?"

"Ni jibini, mama. Lina protini."

"Itakuwa inayo. Sasa msomi wangu, hiyo protini ipo kwenye sahani, na mtoto yuko huku sakafuni. Nani atawakutanisha?"

Kesho yake alikuja na kinu kidogo na mfuko wa dagaa wa Nyasa. Akawatoa vichwa, akawaosha kwa maji ya moto, akawakaanga bila mafuta mpaka wakawa wanavunjika kwa vidole. Akawatwanga. Akatwanga na karanga, akanionya kwamba karanga nzima kwa mtoto wa umri ule ni kumtafutia kupaliwa. Akachanganya vyote na kiazi kitamu kilichochemshwa, akafinyanga vitonge vya ukubwa wa goroli, lakini laini, vya kuyeyuka mdomoni. Mtoto alikula vinne, akanyoosha mkono kudai cha tano. Mimi niliyesoma, niliyewahi kusimama ukumbini nikazungumzia elimu ya jamii, nilikaa kwenye kigoda nikaandika mapishi nyuma ya bahasha.

Na bado nikapiga picha ya jibini, nikaituma Dodoma.

Siku moja binti yangu alipiga simu ya video, akataka amwone mtoto anavyokula. Nikamweka mtoto mbele ya sahani ya bluu. Akalitazama jibini, akanitazama mimi, akaanza kulia.

"Ana mafua," nikasema.

"Mama, hana mafua."

"Yanakuja."

Mvua za kwanza ziliponyesha, jirani alikwenda kijijini kwao, akarudi na kumbikumbi robo ndoo. Hapa ndipo nilipokwama. Nilikula kumbikumbi utoto wangu wote. Lakini nilipofika chuo kikuu, wasichana wa bwenini waliniuliza kama ni kweli kwetu tunakula wadudu wenye mabawa, nami nikajibu kwamba hao ni watu wa vijijini. Baba yangu alikuwa mtu wa kijijini. Nilimkana kwa sentensi moja nikiwa nimeshika chipsi, na tangu siku ile sikuwagusa tena kumbikumbi, maana ukishamkana mtu hadharani, kula chakula chake kwa siri ni unafiki wa pili.

Jirani hakujua habari hizo. Aliwakaanga kwenye sufuria kavu kwa chumvi kidogo, akawaanika uani, akawapepeta kwenye ungo mpaka mabawa yote yakaruka. Mtoto akaketi kando ya ungo. Alichukua mmoja, akamtafuna, akatulia kama anayesikiliza jambo. Kisha akachukua mwingine. Mimi nilikuwa nimesimama na orodha ya kurasa mbili mkononi, na nakumbuka nilichofanya: niliikunja, nikachuchumaa, nikala naye.

Walikuwa watamu vilevile. Sitaomba radhi kwa hilo. Nimesikia yote: eti ni chakula cha dhiki, eti mtoto wa kisasa hali wadudu. Kamba ana miguu mingi kuliko kumbikumbi na anachimba matope, lakini akiwekwa na ndimu kwenye hoteli ya Dar es Salaam watu wanampiga picha. Dagaa akikaa sokoni kwenye gunia anaitwa chakula cha maskini. Akisagwa akatiwa kwenye kopo lenye picha ya mtoto mwekundu mashavuni, anakuwa lishe. Mjukuu wangu hakuwa na habari na kopo. Alikuwa na njaa, na meno kumi na mawili, na uamuzi wake mwenyewe.

Kliniki ya mwezi wa kumi na moja: tisa na pointi tatu. Ya mwezi wa kumi na mbili: tisa na pointi nane. Muuguzi akachora mstari ukipanda, akanitazama.

"Wagiriki wameanza kufanya kazi?"

"Wameondoka," nikasema.

Nilitoka pale kichwa juu. Sikuwa nimefika getini binti yangu akapiga.

"Mama, kilo?"

"Tisa na pointi nane."

Nikasikia anashusha pumzi. "Asante Mungu. Ile orodha..."

Ningeweza kunyamaza. Ushindi ulikuwa mkononi. Lakini nilikuwa nimekwishakana chakula kile mara moja maishani, na sikuona kwa nini nikikane tena nikiwa na miaka hamsini na kitu, nimebeba ushahidi mgongoni.

"Orodha yako haijamuongezea hata nusu kilo. Jibini hajawahi kulimeza. Amekula dagaa, karanga, mayai, soya ya kukaanga na kumbikumbi. Ungo mzima wa kumbikumbi."

"Na jibini lote lile?"

"Paka," nikasema. Ushujaa wangu una mipaka.

"Mama, umenidanganya miezi minne."

"Nimekudanganya. Na mtoto amenenepa. Sasa huna sababu ya kumchukua."

Alipojibu, sauti haikuwa ya ugomvi.

"Mama, kazi ya kuzunguka imekwisha wiki iliyopita. Nimepata nyumba yenye ua. Namchukua. Hata angekuwa na kilo ishirini ningemchukua. Ni mwanangu, namtaka. Nilikuwa naogopa kukwambia hivyo, nikasema kilo."

Nilisimama kando ya barabara, mtoto ananivuta hereni. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila hoja ya lishe. Hiyo moja ilikuwa hoja yangu mimi mwenyewe.

"Sawa," nikasema baadaye. "Nani anakuja kumchukua?"

"Nilifikiri kuna mwenzangu wa ofisini anapita Songea Ijumaa, ana gari, angeweza..."

"Hapana."

"Mama..."

"Mjukuu wangu hasafirishwi kama kreti la nyanya. Unakuja mwenyewe, na unakaa wiki nzima."

"Wiki nzima? Mama, likizo sina."

"Basi mtoto naye hana safari."

Nikamsikia anacheka na kuvuta kamasi kwa pamoja, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo.

"Nakuja Jumapili," akasema. "Wiki nzima."