Kadi Yenye Picha ya Taratibu

Pale kituoni wanapoegesha bodaboda, nje ya lango la soko, walimwita Taratibu, naye hakuwahi kununa. Abiria akimwambia aongeze mwendo, humjibu, "Shuka basi tukimbie wote kwa miguu, tuone nani atafika." Alikuwa baba wa watoto watatu, mwenye kipara kilichomwanza mapema na ndevu alizopunguziwa na mkewe kwa mkasi wa kushonea. Hakuwa na cheo chochote, ila neno lake lilisikilizwa, kwa sababu ndiye aliyewaingiza wenzake kwenye bima ya afya.

Haikuwa kazi nyepesi. Mwenzao mmoja, waliyemwita Babu ingawa alikuwa kijana, aliwahi kugongwa akavunjika mguu, akajiuguza nyumbani kwa kuogopa bei ya hospitali. Kidonda kikaoza. Wenzake walipokuja kuchanga, wakachanga ya jeneza. Baada ya mazishi Taratibu alikwenda ofisi za mfuko wa bima, akarudishwa, akaenda tena. Mfuko ulitaka malipo ya mwaka mzima kwa mkupuo, na mwendesha bodaboda hana mshahara. Ana cha leo tu, na hicho cha leo wengi wanagawana na mwenye pikipiki. Mwishowe wakakubaliwa kuingia kama kikundi, kila mtu alipe kidogo kidogo kila wiki. Masharti yakasomwa mbele ya wote: kadi ni ya mwenye picha na watu wa nyumbani kwake. Ikikutwa kwa mtu mwingine, kikundi kizima kinaweza kufutwa.

Aliyekataa katakata kujiunga alikuwa mdogo wake Taratibu, tumbo moja, naye mwendesha bodaboda hapo hapo. Huyo walimwita Upepo, na sababu haina haja ya kuelezwa.

"Mimi nilipie ugonjwa ambao sijaugua?" alisema akicheka. "Si bora nikalipie na chakula ambacho sijala!"

Kaka mtu alimbembeleza, akamgombeza, mwisho akanyamaza.

Asubuhi moja mvua ilipokatika, lori la saruji lilirudi nyuma bila dereva kuangalia, likambana Upepo ukutani yeye na pikipiki yake. Taratibu alikuwa ndio anamshusha abiria simu ilipolia. Aliyepiga ni Katibu, mwenzao anayeshughulikia mambo ya kikundi.

"Kaka, njoo hospitali. Usiulize kitu, njoo tu."

Waliomwona njiani wanasema hawakumtambua kwa mwendo aliokwenda nao.

Alimkuta mdogo wake kwenye kitanda cha magurudumu, hapo hapo mapokezi, suruali imechanwa, mfupa umechungulia nje chini ya goti. Mke wa Upepo alisimama ukutani na mtoto mgongoni, midomo imemkauka. Wauguzi walikuwa wameshamfunga damu isiendelee kutoka, lakini kumpasua kulihitaji malipo ya kutangulia, au bima.

Katibu alimvuta Taratibu kando, karibu na ndoo za wafagiaji.

"Mnafanana mpaka kipara. Picha yenyewe ndogo. Toa kadi."

"Masharti unayajua."

"Nayajua, nilisaidia kuyasoma. Na Babu nilimbeba begani mimi. Toa kadi."

Taratibu alimgeukia shemeji yake. Shemeji alimtazama tu. Angesema neno, huenda Taratibu angepata la kumjibu. Akaingiza mkono mfukoni, akaitoa.

Mhudumu wa mapokezi aliitazama picha, akamtazama mgonjwa, akarudi kwenye picha.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Na wewe ni nani wake?"

"Mdogo wake," akasema, na ulimi ukawa mzito kama si wake.

Milango ikafunguka. Kitanda kikasukumwa hadi chumba cha matibabu, na Taratibu akaruhusiwa kusimama mlangoni kwa sababu mgonjwa alikuwa anaweweseka kwa maumivu. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya upole, alifungua faili kwenye kompyuta.

"Vizuri, ameshawahi kutibiwa hapa. Mwaka juzi alichomwa penisilini kwa ajili ya kifua, ikamkubali. Basi tunaanza nayo, kidonda kisije kikaingia uchafu."

Aliyechomwa mwaka juzi alikuwa Taratibu.

Hapo akakumbuka. Walipokuwa wadogo, Upepo alichomwa dawa hiyo hiyo kwenye zahanati. Kabla hawajafika nyumbani uso ukavimba, macho yakaziba, pumzi ikawa inapiga filimbi. Mama yao aligeuka naye mbio kifuani, Taratibu nyuma yao akilia, kabeba viatu vya watu watatu. Siku ile waliambiwa: dawa hii asiiguse tena.

"Nesi," akaita. "Hakuna dawa nyingine?"

"Kwa nini?"

"Hiyo… siku hizi haimkubali."

"Tangu lini?" Muuguzi alikuwa anavuta dawa kwenye sindano. "Faili linasema haina shida naye. Au kuna hospitali nyingine alikokwenda?"

Taratibu aliwaza wenzake kituoni, mmoja mke wake anakaribia kujifungua, mwingine mtoto wake anatibiwa kifafa kwa bima hiyo hiyo ya kikundi. Akamwaza yule wa kitandani. Muuguzi aligongagonga sindano kwa ukucha, akainama, akashika mkono wa mgonjwa.

"Acha! Faili hilo ni langu! Huyo siye mimi!"

Muuguzi aligeuka polepole.

"Unasemaje?"

"Kadi ni yangu. Huyu ni mdogo wangu, hana bima. Ukimchoma hiyo atakufa, mama. Nakuomba."

Yule mama aliiweka sindano kwenye sinia kwa uangalifu, kama kitu kinachoweza kulipuka, akaenda kumwita daktari. Daktari hakuuliza habari za bima. Aliuliza kuhusu ule uvimbe wa utotoni, akaagiza dawa nyingine, na Upepo akapelekwa kupasuliwa kwa amri yake. Kadi ilibaki mezani kwa msimamizi wa hospitali.

Nje, habari ilikuwa imeshawafikia Katibu na shemeji yake.

"Shemeji, umetuuza," alisema mke wa Upepo. "Hiyo hela tutaitoa wapi?"

Taratibu alimweleza habari ya sindano. Akasikiliza, akakaa chini sakafuni na mtoto wake mgongoni, akafunika uso kwa upande wa kanga. Hakuomba radhi, wala Taratibu hakuingoja.

Kesho yake hakusubiri kuitwa. Alikwenda mwenyewe ofisi za mfuko, akakaa mbele ya afisa, dada mmoja kijana asiyetabasamu.

"Kosa ni langu peke yangu," alisema. "Wenzangu hawahusiki."

Mlango ukafunguliwa nyuma yake. Katibu aliingia akihema, kofia ya pikipiki bado kichwani.

"Anadanganya. Mimi ndiye niliyemwambia atoe. Hata wazo lenyewe hakuwa nalo."

Afisa aliwatazama wote wawili, akaandika, akawaambia waende wakangoje.

Kungoja ndiko kulikowamaliza. Kituoni watu waliacha utani. Yule ambaye mke wake alikaribia kujifungua alikuwa akimsalimia Taratibu kwa kidevu tu. Kila simu ikilia, vichwa vinageuka.

Jibu lilipokuja, Katibu alilisoma kimoyomoyo kwanza, kisha akawasomea wenzake kwa sauti. Kikundi kinaendelea, kimepewa onyo kali. Katibu avuliwe nafasi yake. Kadi ya Taratibu imesimamishwa kwa mwaka mzima, pamoja na ya watu wa nyumbani kwake.

Hilo la mwisho mkewe alilipokea akiwa anakunja nguo.

"Mwaka mzima," alisema. "Mtoto akikohoa nitakuwa nakutazama wewe."

"Nitazame."

"Ungemwacha achomwe?"

"Hapana."

"Basi." Akaendelea kukunja.

Upepo alitoka hospitali na vyuma mguuni. Pikipiki yake, ilivyopondeka vile vile, iliuzwa kulipia matibabu, na palipopelea wenzake wakajaza, hata yule wa kusalimia kwa kidevu. Mguu uliunga, ukabaki mfupi kidogo. Alipoweza kutembea alikwenda mwenyewe kuandikishwa bima, akarudi kimya, bila mzaha wowote, na ukimya ule ulimwuma kaka yake kuliko mguu.

Siku moja yule muuguzi alitoka sokoni na mizigo, akamkuta Taratibu wa kwanza kwenye foleni. Hawakusalimiana kwa maneno mengi. Njiani, akiwa nyuma yake, ndipo akasema, "Unajua nilikuwa nimeshampangusa mkono na pamba, nimchome?"

Mbele yao kulikuwa na shimo lililojaa maji, na huwezi kujua kina chake.

"Shika vizuri, mama," alisema Taratibu, akalizunguka.