Siku Nilipomweka Ssalongo Benchi

Nimewahi kusoma hadithi yangu mbele ya watu saba, wanne wakiwa wamelala, na nimewahi kumkaribisha hotelini mgeni mheshimiwa kwa jina la mke wake wa zamani, lakini aibu inayonifanya mpaka leo niizunguke mitaa ya Al Twar hapa Dubai kama mtu anayemkwepa mkwewe ni ile ya rungu la besiboli na leso ya Njeri, na nikiwasimulia naomba mcheke mapema mmalize, maana huko mwishoni haichekeshi.

Kwanza niwaeleze nilivyofika huko. Nilikuwa mpokezi katika hoteli ndogo ya Al Muraqqabat, mtoto wa Tanga mwenye riwaya isiyoisha kwenye begi, na televisheni ya ukumbini asubuhi ilikuwa ikirudia mechi za besiboli za Marekani ambazo hakuna mgeni aliyezitazama isipokuwa mimi. Nikaanza kuipenda timu moja (siitaji, imeshaaibika vya kutosha bila msaada wangu) kwa sababu ilikuwa inafungwa kwa upole, bila kelele, mwaka hadi mwaka. Wenyewe walisema wanajenga upya. Maana yake ni kwamba unawaachia wakongwe waende, unachukua chipukizi ambao hata mama zao hawana hakika nao, unawalea katika ligi ndogo za miji ya mashambani, huwaharakishi, unawaacha wakosee, na wewe shabiki unakaa unangoja mwaka wa tatu, au wa tano, au ule mwingine. Niliamini mambo hayo kama dini. Nilijua majina ya vijana wa miaka kumi na tisa wanaorusha mpira katika miji nisiyoweza kuionyesha kwenye ramani. Labda ni kwa sababu Dubai yote tuliishi hivyohivyo, leo si chochote, leo ni mkataba tu, maisha yenyewe yataanza tukimaliza miaka miwili, kisha miwili mingine.

Sasa, enzi zile Ijumaa ilikuwa bado mapumziko kamili, na asubuhi yake kulikuwa na ligi ya kirafiki ya wafanyakazi katika uwanja wa shule moja Al Twar. Timu yetu iliitwa Ngamia wa Muraqqabat, na ilifungwa na kila mtu. Nahodha alikuwa Njeri, Mkenya wa Nakuru, msimamizi wa wasafisha vyumba hotelini kwetu, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lifti. Nguzo ya timu alikuwa Ssalongo. Wenzangu wa Uganda wanajua, hilo ndilo jina la heshima la baba wa mapacha, na hakuna aliyemwita vingine. Alikuwa mlinzi wa mnara mmoja wa ofisi kwa miaka tisa, magoti yake yalilia akichuchumaa, lakini besiboli aliijua tangu shuleni kwao Mbale, na nusu ya timu alikuwa ameifundisha yeye jinsi ya kushika rungu.

Mimi sikucheza. Mimi nilikuwa na maoni. Niliyatoa kwenye basi, kwenye foleni ya chakula, kwenye kundi letu la simu, mpaka Njeri akachoka, akanipa karatasi na kalamu, akasema, "Haya, wewe mwandishi, Ijumaa hii orodha ya wachezaji panga wewe. Tuone hiyo miaka yako mitatu."

Uamuzi wenyewe ulikuwa mdogo, wa kalamu tu. Wiki ile Ssalongo alikuwa ametutangazia anaenda likizo, miezi miwili, nyumbani. Nikajiambia, basi ndiyo nafasi, kama hatakuwepo tuanze kuzoea. Nikamweka benchi pamoja na wakongwe wengine watatu, nikajaza nafasi zao kwa vijana watano wapya wa kampuni moja ya ulinzi, wanaoishi chumba kimoja International City, wenye mabega na njaa. (Wanne kutoa, watano kuingiza, kwa sababu na kaka mmoja wa jikoni alikuwa kaumwa tumbo. Hesabu zangu zilikuwa safi. Hilo ndilo linaloniuma.) Mbele yao wote nilimweka Kevo, kijana wa Eldoret, mrushaji mwenye mkono kama bunduki.

Njeri aliisoma ile karatasi akaguna. "Hawa wageni wa kampuni hawana Ijumaa yao, lakini. Wakiitwa wameitwa."

"Nahodha," nikamwambia, "ukitaka matunda lazima ukubali mti uwe mdogo." (Naam, nilisema hivyo. Mbele za watu. Nikiwa nimevaa sare ya hoteli, kwa kuwa zamu yangu ilianza saa sita, na kifuani kibeji kinachosema niko tayari kukusaidia.)

Kisha nikatoa hotuba. Sitairudia. Inatosha kusema nilitumia maneno "wachezaji ambao hawamo katika mpango wa baadaye", na Ssalongo alikuwa amekaa palepale, anapaka mafuta glavu yake, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza utabiri wa hali ya hewa ya nchi nyingine.

"Sawa, kocha," akasema. "Mimi nakaa."

Tulicheza na Wafilipino wa kiwanda cha kufua nguo, watu wapole, wenye sare zilizopigwa pasi kuliko zetu zote. Kevo akaanza kurusha. Mkono ulikuwa bunduki kweli, ila bunduki isiyo na mwenyewe. Mpigaji wa kwanza alipigwa na mpira pajani, wa pili mgongoni, wa tatu aliruka mwenyewe kabla ya mpira kutoka mkononi. Waliobaki walisimama tu wakisubiri, kwa sababu mrushaji akikosea mara nne mpigaji anatembea bure hadi besi ya kwanza, na wakatembea, mmoja nyuma ya mwingine, kama watu wanaosindikizana harusini.

"Mtoe!" Njeri alinipigia kelele kutoka nyuma ya wavu wake wa usoni.

"Mwache ajifunze!"

"Ajifunzie kwa nani? Kwa mbavu za watu?"

Nilimwacha. Hivyo ndivyo wanavyofanya, kijana humtoi anapokosea, unamjengea moyo. Duru ya tatu tulikuwa nyuma kwa pointi kumi na mbili na mimi bado naandika kwenye daftari kwamba mkono wake una mustakabali. Ndipo basi jeupe likaingia langoni, honi juu, likasimama nyuma ya uzio. Akashuka msimamizi wa kampuni ya ulinzi, bwana mfupi mwenye ubao wa majina.

"Yalla, yalla! Kevin! Timu yote ya Kevin! Dyuti, sasa hivi!"

Vijana wangu watano, mustakabali wote wa Ngamia, walivua glavu wakaziweka chini kwa mpangilio, wakakimbia. Kevo aligeuka akiwa mlangoni mwa basi. "Pole, kocha! Mwaka wa tatu tutakuwa fiti!" Basi likaondoka, nikabaki nimeshika daftari. Wafilipino wakapiga makofi, nadhani kwa huruma.

Mwamuzi, mzee mmoja Mmarekani aliyekuwa mwalimu pale shuleni, akaja na kanuni zake. Wachezaji tisa au mechi imekwisha. Tulibaki wanne uwanjani, na benchi wanne. Nane. Kila mtu akanitazama, na kibeji changu kikawajibu kabla yangu.

Nikajaza karatasi ya waliobadilishwa, wa tisa nikiwa mimi. Hapa ndipo kosa la pili, na hili nililifanya kwa utaalamu. Zilibaki nafasi mbili za mwisho katika mfululizo wa kupiga, na nikawaza kishabiki, Ssalongo anapiga vizuri zaidi kukiwa na mtu kwenye besi, basi mimi nitangulie, nifike besi, yeye anilete nyumbani tupate pointi. Nikaandika jina langu, na chini yake la Ssalongo. Mwamuzi akaikunja, akaitia mfukoni. Ikishaingia mfukoni mwake haibadiliki tena.

Njeri akanivuta kando.

"Umemweka wapi Ssalongo?"

"Wa mwisho. Nyuma yangu."

Akafumba macho. "Sikiliza basi, na usipige kelele. Haendi likizo. Amekansel viza, Jumapili anarudi Mbale mazima, hatuonani tena. Amesema likizo ili watu wasimlilie na wasimbebeshe mizigo. Mimi tu ndiye anayejua. Na ile simu unayoiona imefungwa kwenye uzio, ni Nalongo, mkewe, yuko kwa video tangu saa mbili. Miaka tisa anaambiwa mume wake anapiga mpira ukaruka. Hajawahi kuona hata mara moja."

Nikaitazama ile simu, imefungwa kwenye waya kwa kamba ya kiatu, na ndani yake uso mdogo wa mwanamke aliyevaa kitambaa cha kanisani, anatutazama kwa subira. Asubuhi nzima nilikuwa nimemwonyesha Kevo.

Tukaingia uwanjani. Mimi waliniweka pembeni kabisa kulia, mahali mipira haifiki, na wa kwanza ukafika. Nilikimbia nao kwa moyo wote, na viatu vya hotelini havikuumbwa kwa mchanga, nikateleza, miguu ikaachana, na mshono wa suruali ukafunguka kuanzia mbele mpaka kwenye mkanda wa nyuma kwa sauti iliyosikika mpaka msikitini. Wafilipino hawakupiga makofi safari hii. Walikaa chini kucheka. Njeri akaifungua leso iliyofunika sufuria la pilau (pilau la kumuaga Ssalongo, sasa ndiyo nikaelewa), akanifunga kiunoni. Ilinuka bizari. Nilimaliza duru ile nikiwa nimevaa leso ya maua mekundu na kibeji.

Mwamuzi akatazama saa. Ijumaa kila kitu kinafungwa kabla ya swala, kwa hiyo hiyo ndiyo ilikuwa zamu yetu ya mwisho kupiga. Auti tatu, khalas. Wa kwanza wetu akatoka. Wa pili akatoka. Wa tatu nilikuwa mimi, na nyuma yangu, kwenye mstari, Ssalongo alikuwa ameshasimama na rungu lake, analizungusha taratibu, magoti yakilia, amevua kofia ili Nalongo, pale kwenye simu, amwone vizuri.

Njeri alinifuata akaninong'oneza, na naapa hakuna mtu aliyewahi kunipa kazi rahisi zaidi ya hiyo. "Usipige. Umesikia? Mrushaji wao amechoka, anakosea. Simama tu kama mlinzi wa benki. Atakutembeza bure, Ssalongo atapiga, tutakula pilau."

Nikasimama. Mpira wa kwanza, mbaya. Wa pili, mzuri, sikutikisika. Wa tatu, mbaya. Wa nne mzuri. Wa tano mbaya. Sasa ilikuwa tatu mbaya na mbili nzuri, yaani mmoja uliobaki unaamua kila kitu, ukiwa mbaya natembea, ukiwa mzuri nimetoka, na huo, ndugu zangu, ndio wakati mtamu kuliko wote katika mchezo ule, wakati niliokuwa nimeutazama asubuhi mia kwenye ukumbi mtupu, na mwili wangu, uliokuwa haujawahi kuombwa maoni, ukaamua kutoa yake. Mpira ulipotoka mkononi mwake niliona ulivyo mkubwa na mweupe. Niliona ukivuka uzio. Niliona hata aya ya kuuandika.

Ulipita juu ya kichwa changu. Hata kuku angeuacha. Nikapiga upepo, na ukipiga ukakosa hata mpira mbaya unahesabiwa mzuri, nikajizungusha mara moja na nusu, leso ikafunguka, na nikaanguka chini mbele ya watu wa mataifa manne nikiwa na suruali ya vipande viwili.

"Auti!" akasema mwamuzi. "Mechi imekwisha."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo baya. Ningelipa kitu wacheke. Nilipoinua macho Ssalongo alikuwa amesimama palepale, rungu begani, hajalishusha, kama mtu aliyefika kituoni na kuona vumbi la basi. Kisha akalishusha. Akaja, akaiokota leso, akaipangusa mchanga, akanifunika.

"Banange, kocha," akasema taratibu. "Si umesema miaka mitatu. Huu ni wa kwanza."

Nilimwambia nisamehe, nadhani nilisema mara tano, na yeye alikuwa anatazama uzio. Simu ilikuwa imeganda. Mtandao ulikatika wakati fulani pale katikati, uso wa Nalongo umesimama na mdomo wazi. Ssalongo akaifungua kamba, akapiga tena, bila picha, na ikashika.

"Ee, Nalongo. Ilikatika? Umekosa, bwana. Nimepiga." Akamsikiliza. "Mbali. Mbali sana. Kocha huyu hapa, muulize."

Akanipa simu.

"Kweli, kocha?" sauti ya mwanamke ikasema, yenye furaha, na nyuma yake kuku wanalia. "Amepiga kweli, ama ananidanganya?"

Miaka yote najiita mtunzi. Nimeandika mafuriko, nimeandika vifo, na sijawahi kuandika sentensi iliyonikaba kama hiyo. "Kweli, mama," nikasema. "Ulipaa ukapita mbele ya jua, tukaupoteza. Ukavuka uzio, ukavuka barabara, ukaangukia chini ya gari la jirani, akatoka paka pale mbio hatujui ameishia wapi. Mlinzi wa shule amevua kofia."

Nalongo akacheka kicheko kirefu, akamwita mtu amsimulie. Ssalongo alikuwa anatazama chini wakati nasema, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayeutazama mpira huo huo. Alipochukua simu yake akaninong'oneza, "Hiyo ya paka ni nzuri."

Tulikula pilau lenye mchanga. Nikaenda kazini na suruali ya kuazima. Jumapili akaondoka.

Ile timu yangu ya Marekani ilimaliza ya mwisho tena, na yule chipukizi niliyemngoja kuliko wote alipokomaa tu akaachiwa aende, wakaanza kujenga upya. Bado naitazama, ni mazoea. Lakini orodha ya wachezaji sijashika tena na sitashika, na mimi sasa, kabla sijamwambia mtu yeyote katika mji huu angoje nafasi yake, humuuliza kwanza anaondoka lini.