Salamu ya Kusimama

Mimi ni mtu wa nyumbani. Majirani zangu hapa Ilemela wanajua: ukinitaka, panda mawe mpaka mlango wa bluu, utanikuta. Harusi za watu nazisikia kwa spika kutoka mlima wa pili, na zinanitosha. Ndiyo maana nilishangaa moyo wangu ulipoanza kukimbia. Mwili mzima umelala, moyo wenyewe uko mazoezini.

Maumivu nilikuwa nayo miaka mingi. Hayakai mahali pamoja: yakitoka mabegani yanahamia kiunoni, mapajani, vidoleni, kisha siku moja yanakutana yote kama kikao cha ukoo. Mume wangu, ambaye mapenzi yake ni uchokozi, huniuliza asubuhi, "Leo tutaje kisichouma, tuokoe muda?" Nacheka. Maumivu unayazoea, kama unavyomzoea jirani mwenye redio.

Moyo sikuuzoea. Kila nikiinuka kutoka chini unapiga kama nimefukuzwa na ng'ombe, macho yanaingia giza, natafuta ukuta. Na ukishaolewa kwa Wasukuma, kuinuka kutoka chini si jambo la hiari. Mkwe akifika unapiga magoti, unamsalimia, unainuka, unapokea mzigo. Mwaka jana mama mkwe wangu alipokuja kutoka Sengerema, magoti nilipiga vizuri sana. Kuinuka ndiko kulikonishinda. Nikaangukia mfuko wake wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Watu walicheka, na mimi nikacheka ili nisilie.

Basi safari iliyofuata niliogopa. Nikamsalimia nimesimama, nimeshika fremu ya mlango.

"Shikamoo, Mama."

Alinitazama magoti, kisha uso. "Marahaba," akasema, fupi kama kisiki. Alikuwa amekuja kukaa wiki. Kesho yake akaondoka. Baadaye akampigia mwanawe simu: "Mwambie mkeo nimeona mji umempandisha cheo."

Hilo liliniuma kuliko kiuno. Mama yule ndiye aliyenikanda kwa maji ya moto nilipojifungua, huku akinitania kwamba napiga kelele kuliko mtoto. Kumpoteza kwa sababu ya magoti! Nikavaa viatu nikaenda hospitali. Mume wangu alitaka kupiga picha, kwa ushahidi kwamba nimetoka.

Daktari, binti mdogo, alinilaza, akapima mapigo ya moyo. Akanisimamisha, akapima tena. Akanipima na moyo wenyewe kwa mashine.

"Moyo wako mzima, mama," akasema. "Shida iko kwenye mishipa ya fahamu inayouendesha. Ipo inayouharakisha na ipo inayoutuliza, na hakuna inayosubiri amri yako. Ukiishi na maumivu muda mrefu mwili mzima, ile ya kuharakisha inaweza kukaa macho wakati wote, kana kwamba kuna hatari. Sasa ukisimama ghafla, inazidisha."

Baiolojia ya sekondari niliifaulu kwa huruma ya Mungu, lakini hapo nilielewa. "Kwa hiyo si uvivu?"

"Uvivu sijaupima."

Akaniambia ninywe maji ya kutosha, nitembee kidogo kila siku, na nikitaka kuinuka niinuke kwa vituo: nikae, nisubiri, ndipo nisimame.

Mama mkwe alirudi Pasaka, kwa ajili ya wajukuu, si kwa ajili yangu. Nilimwona akipanda mawe polepole, goti lake bovu likimsumbua. Nilikuwa nimepanga maelezo marefu ya mishipa. Alipofika mlangoni yote yakanitoka. Nikapiga magoti. Nikamsalimia. Nikainuka kwa kushika ukuta, na kabla hajasema neno nikauchukua mkono wake nikauweka kifuani kwangu.

"Mama, shika hapa."

Nilimwona akisikiliza kwa kiganja, kama anavyosikiliza tumbo la mjamzito.

"Huu unakimbilia wapi?" akauliza.

"Hata mimi sijui, Mama. Mimi hata sokoni siendi."

"Na ile siku ya mlangoni?"

"Moyo ulikuwa hivi hivi. Niliogopa kuanguka tena."

"Nami nikaenda kukusema Sengerema nzima." Hakuondoa mkono. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

Kesho yake asubuhi nilimkuta ameketi mkekani sebuleni, miguu ameinyoosha. "Njoo ukae," akasema. "Kuanzia leo salamu zako utanipa hapa, tukiwa sawa." Nikakaa, nikamwamkia, akaitikia kwa kirefu, na hadithi zikaanza.

Mume wangu alitukuta chini wote wawili, mmoja na goti bovu, mwingine na moyo wa mbio. Akanyoosha mikono. "Haya, nianze kumwinua nani?"

"Tulia wewe," mama yake akamwambia. "Moyo wa mwenzako haujafika unakokimbilia."