Chuma Kilichopewa Sifa

Tangu aondoke, hakuna anayeimba mle maabarani. Mzee Brashi, mwosha vyombo, husugua chupa zake na kusikia maji tu.

Walimwita Mama Chuma. Miaka sita alitafuta njia ya kuunga kaboni na nitrojeni, kiungo kilichomo katika dawa nyingi, bila kutumia paladi, metali ya bei ya kuumiza. Chuma kikiweza kazi hiyo, alisema, hata maskini atapata dawa. Wenzake wakamtania, "Chuma ni cha majembe, dada."

"Na jembe halimtupi mkulima," akawajibu.

Siku moja kiungo kikashika. Akarudia mara tano, kikashika mara tano. Akachapisha makala.

"Mzee, ukisugua wewe hata dhambi zinatoka," alimwambia Mzee Brashi, na mzee akatembea na maneno hayo wiki nzima.

Kisha barua zikaanza kuja kutoka maabara za wengine: kwetu hakishiki. Mama Chuma akafungua boksi jipya la vijiti vya sumaku, ajaribu upya, vile vinavyozunguka ndani ya chupa kukoroga mchanganyiko. Wiki tatu, kiungo hakikushika hata chembe.

Mzee Brashi alijua. Siku ile ya kwanza vijiti vilikuwa vimekwisha, akampa kimoja cha zamani, kilichokoroga paladi miaka mingi hadi ganda lake jeupe la plastiki likawa la kijivu. Angenyamaza, nani angemuuliza mwosha vyombo?

"Mwanangu," alisema, "kile kijiti ulichokuwa unarudia nacho kilitoka kwa watu wa paladi."

Mama Chuma akavuta kiti. "Si ulikiosha?"

"Nilikiosha. Nikakiosha tena. Kumbe paladi imezama ndani."

Asubuhi yake alikichukua kijiti kile, akapima kila kitu kama kawaida, ila chuma hakutia kabisa. Mzee alisimama mlangoni na taulo begani. Kufika mchana, kiungo kilikuwa kimeshika vizuri kuliko siku zote.

Hakumlaumu. Heri angemtukana. Aliandika barua ya kuifuta makala yake, akasema kosa ni lake, wala hakutaja nani alimpa kijiti. Mwezi uliofuata mkataba wake haukuongezwa.

Siku hizi anafundisha kemia kidato cha pili, katika shule ya wasichana isiyo na maabara.