Sindano Iliyokaa Kabatini

Dada yangu alifariki baada ya kujifungua, katika zahanati ya kijiji kimoja upande wa Usinge, alikokuwa ameolewa na mkulima wa tumbaku. Mtoto alipona. Dada alitokwa na damu, akachomwa sindano ya kuizuia, na damu haikusimama. Mganga mfawidhi wa zahanati alitoka nje akatuambia, mbele ya ndugu wote, kwamba marehemu alikuwa amenyweshwa mitishamba nyumbani.

Hakusema nani alimnywesha. Hakuwa na haja, maana nyumbani kulikuwa na mama mkwe. Kabla matanga hayajaanuliwa watu walishaacha kumwitikia yule mama salamu. Baba yangu, fundi cherehani wa Chemchem, Tabora mjini, mtu asiyejua ugomvi, alimkataza asisogelee kaburi.

"Nilimpa uji tu, mwanangu," yule mama aliniambia.

Nilijua ni kweli. Uji ule niliukoroga mimi. Nilisema hivyo kwa baba, kwa wajomba, kwa mwenyekiti wa kijiji, lakini nani angemsikiliza msichana wakati mwenye koti jeupe ameshasema?

Nilimchukia yule mganga. Nilikwenda chuo nikiwa na chuki hiyo, nikarudi nayo Tabora, na nilipoajiriwa na taasisi moja ya utafiti isiyo chini ya serikali, nilihisi Mungu amenikabidhi fimbo. Taasisi ilitaka kujua kwa nini akina mama wanaojifungua wanaendelea kufa kwa kutokwa na damu, ilhali kila zahanati inaripoti kwamba dawa ya kuizuia ipo. Ripoti hizo waliziandika wafawidhi wenyewe. Sisi hatukuwa wasaidizi wao wala wakubwa wao, kwa hiyo hatukuwa na cha kuwafichia wala cha kuwaogopa.

Niliomba nipangiwe zahanati ile. Kiongozi wetu, mama mtu mzima mwenye sauti ya chini, aliniuliza sababu, nikamweleza.

"Huko hutakwenda wewe," alisema. "Ukienda utaona unachokitaka."

Nilinuna, lakini nilitii. Nikapelekwa kwingine, na kwingine nikakuta jambo lile lile. Jokofu lilikuwepo, linafanya kazi vizuri, lakini ni la chanjo peke yake. Wafawidhi walikuwa wameambiwa wasichanganye chanjo na dawa nyingine. Sindano ya akina mama, ambayo nayo huhitaji baridi, ilikaa kabatini, chini ya bati, katika joto la Oktoba lile linalokausha hata mate. Tulichukua sampuli tukazipeleka maabara. Majibu yalisema dawa nyingi za kabatini zilikuwa zimepoteza nguvu. Zahanati ya yule mganga, walikokwenda wenzangu, ilikuwa miongoni mwa zilizokutwa na dawa hizo.

"Haithibitishi kilichomuua dada yako," kiongozi alinionya. Nilimjibu kwamba inatosha kuthibitisha kilichomfanya mganga akimbilie kusingizia mitishamba.

Majibu yaliposomwa mjini, mbele ya wafawidhi na wakubwa wao, yule mganga alikuwa amekaa mstari wa mbele, ameshapandishwa cheo, anasimamia vituo kadhaa. Aliinuka akasema utafiti ni mzuri, ila tusisahau kwamba wanawake wa vijijini wanakunywa mitishamba.

Nikaomba kusema. "Mzee, kuna mmoja ulisema alinyweshwa. Ulimpima kwa kitu gani?"

Akauliza ni yupi.

"Dada yangu. Uji wake nilikoroga mimi."

 Aliketi. Jasho lilimtoka hadi kwenye kola, nami nililitazama mpaka kola ikalowa yote. Sitadanganya, nilifurahi.

Nje alinifuata, akasimama akingoja shikamoo, maana ni mkubwa wangu kwa umri. Sikumpa.

"Nisamehe, binti," alisema.

"Si mimi. Nenda kwa mama mkwe wa dada, ukaseme mbele ya watu, kama ulivyosema siku ile."

Alikwenda. Nilihakikisha anakwenda kwa kumfuata. Alisema kwenye mkutano wa kijiji, akitazama viatu vyake, kwamba hakuwa na ushahidi wowote dhidi ya yule mama, na kwamba dawa ya zahanati haikuwa imetunzwa vizuri. Baba yangu, niliyekuwa nimemleta kutoka mjini, alilia. Mama mkwe alinyanyuka, akamletea yule mganga maji ya kunywa kwa mikono miwili. Nilitamani kukipiga kile kikombe.

Baadaye maagizo yalibadilishwa. Sindano sasa inakaa kwenye jokofu, na wakunga wanasema damu inasimama. Kila utekelezaji wa maagizo hayo unapofuatiliwa, huwa tunakutana mjini na wafawidhi. Mimi hufika mapema, nakaa mstari wa mbele, kiti nimekigeuza kiwaelekee watu, mahali ambapo yule mganga hawezi kuinuka kusema bila kunitazama usoni.